Mashine ya Paani na Moshi wa Bi Tatu

Kwako Somoe binti Bakari,

Salamu nitakupa kesho kwa mkono, kwa hiyo hapa naziruka. Naruka pia habari za soksi, mafuta ya kichwa na namna ya kukaa na wenzio bwenini, kwani mama yako amezishika zote tangu juzi na nikiongeza neno atasema namvurugia. Ninyi wawili mmekwenda Mbwara kumuaga bibi yako. Nyumba imetulia, nami nimeupata mchana mzima.

Unakwenda Mbeya kujifunza ufundi wa mitambo. Siku ile uliponiambia kwamba katika mitambo yote wewe umependa ya baridi na hewa, nilicheka, nawe ukanuna. Najua ulidhani nacheka kwa kuwa wewe ni mtoto wa kike. Sivyo, mwanangu. Nilicheka kwa sababu katika maisha yangu nimewahi kuchagua mtambo mmoja tu, na ulikuwa wa aina hiyohiyo. Ni ule ulioko juu ya paa la jengo letu pale barabarani. Umekua ukiuona kama unavyoona mkorosho wa uani, na hukuwahi kuuliza ulifikaje. Wakati ule ndiyo kwanza umeanza shule. Sasa nikueleze, halafu utakalochukua chukua, utakaloacha acha.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara za watu binafsi ziliporuhusiwa. Duka la ushirika hapa Kibiti lilikuwa limebaki na rafu tupu na karani mmoja, na karani mwenyewe nilikuwa mimi. Likafungwa. Kila mtu aliyekuwa na chochote mkononi akageuka mfanyabiashara. Mimi nikaingia kwenye korosho, baba yako mkubwa Seif alikuwa tayari kwenye mbao, na mbao wakati ule zilikuwa zinatoka. Tukakaa tukakubaliana tujenge kwenye kiwanja cha marehemu babu yako, mzee Mbonde, ukumbi mmoja mkubwa wa kupangisha. Juu hatukuweka bati, tulimwaga zege, kwa sababu Seif alikuwa akiota ghorofa. Ghorofa haikuja mpaka leo, lakini zege lile ndilo lililotubeba.

Kwenye pembe ya kusini ya kiwanja hicho alikuwa akikaanga samaki Bi Tatu. Alikuwa mjane, na babu yako ndiye aliyemwambia akae pale kabla hata mimi sijaoa. Tulipojenga tuliacha ile pembe yake kama ilivyo. Hatukuifikiria, ndiyo kusema kweli. Bi Tatu alikuwa sehemu ya mahali.

Mpangaji wa kwanza aliyekuja kwa dhati alikuwa Bi Ndosi, yule mfamasia unayemwita mama mkubwa. Alitoka Dar es Salaam akitafuta ghala la kuuza dawa kwa jumla, ili zahanati na maduka ya dawa ya huku, tangu Bungu mpaka visiwa vya delta, yasilazimike kwenda mjini. Aliuzunguka ukumbi, akagusa kuta, akatazama juu.

"Nimeupenda," akasema. "Lakini dawa haziwezi joto, na unyevu haziuwezi zaidi. Madirisha nitayafunga kwa ajili ya vumbi la barabara. Kuta zote nne nitaziwekea rafu mpaka juu. Sasa baridi nitafutieni itakakotoka."

Seif akasema, "Tutatoboa ukuta, tutaweka viyoyozi."

"Ukuta nimeshauchukua, mzee wangu."

Bi Ndosi akatuonyesha dari kwa kidole. Mjini, akasema, majengo makubwa ya biashara huweka mashine nzima juu ya paa, kila kitu ndani ya sanduku moja, na baridi inashuka ukumbini kwa mabomba mapana ya bati yanayopita juu ya dari. Ndani hakuna kinachokula nafasi, wala fundi hapiti katikati ya dawa akija kutengeneza. Paa la zege tunalo. Tukimletea mashine ya namna hiyo, anasaini mkataba.

Basi tukaenda Dar es Salaam, mimi na kaka yangu, kununua kitu ambacho hatukuwahi kukiona kwa karibu.

Dukani kulikuwa na kijana muuzaji mwenye maneno matamu, na mhandisi wao, dada mmoja anaitwa Nuru. Muuzaji alitupeleka moja kwa moja kwenye sanduku kubwa kuliko yote. "Wazee wangu, joto la Rufiji nalijua. Hili likinguruma, wateja watavaa makoti." Seif akalipapasa kama anavyopapasa gogo la mninga. Nilijua moyo wake umekwisha kwenda. Jengo la watoto wa mzee Mbonde, mashine kubwa juu, msafiri anaiona tangu mbali. Hata mimi niliona raha.

Nuru akaja na maswali. Ukumbi una kimo gani? Jua la alasiri linapiga ukuta upi? Mlango unafunguliwa mara kwa mara au umefungwa? Humo ndani watakaa watu wengi au maboksi? Na kwa kuwa umeme wa gridi haujafika kwetu, jenereta letu lina nguvu kiasi gani, maana mashine ikianza kuwaka huvuta umeme mwingi kuliko ikishatulia?

Seif akachoka. "Binti, tumekuja kununua, hatukuja kuhojiwa."

"Nisamehe, baba," akajibu Nuru. "Lakini ikiwashinda, ni mimi mtakayenitafuta."

Kisha akatuambia kwamba kwa ukumbi wetu sanduku lile kubwa lisingefaa. Tungechukua dogo zaidi. Muuzaji akakohoa. Nuru akaendelea. Mashine kubwa mno, akasema, hupoza upesi ikazima, baadaye ikawaka, ikapoza, ikazima. Na unyevu hautolewi kwa pupa. Hewa inatakiwa ipite muda mrefu kwenye mabomba ya baridi, iache maji yake pale kama chupa ya soda inavyotoka jasho, maji yachuruzike nje. Mashine ya kiasi hufanya kazi kutwa bila kuchoka, ikakausha. Ile kubwa itatupa baridi yenye majimaji.

Mimi nilimwelewa. Seif alielewa kwamba msichana anamwambia achukue kidogo wakati pesa za kikubwa anazo.

Tulilala Temeke kwa rafiki yake. Wakati wa chakula akaniuliza, "Wewe unamwamini yule?"

"Namwamini."

"Kuliko mimi?"

Hapo, Somoe, nilikuwa na maneno mengi. Ningeweza kumweleza mambo ya jasho la chupa moja baada ya jingine mpaka akose la kusema. Sikuwahi kuona mtu aliyekoseshwa la kusema akabadilika moyo. Zaidi hukaa kimya akakungoja ukosee. Mambo haya nilikuwa nimeyajua kwa kuharibu. Kule ushirika nilimshinda mkubwa wangu kwa hoja mbele ya watu, nikawa na haki kabisa, na baada ya hapo kila nilichopendekeza kilikataliwa kabla sijakimaliza. Kwa hiyo nilimwambia Seif, "Kaka, kesho twende tukaione hiyo kubwa mahali inapofanya kazi. Ukiridhika, tuichukue."

Nuru akatupeleka kwenye ghala moja la vitabu ambalo mafundi wengine walikuwa wamelifungia mashine kubwa kupita haja. Tulipoingia baridi ilitupokea vizuri mno, Seif akanitazama kwa kunisuta. Akaanza kutembea. Kwenye pembe za dari palikuwa na madoa meusi ya ukungu. Akaenda kwenye maboksi, akabonyeza moja kwa kidole gumba. Kidole kikazama.

Baba yako mkubwa hajui mitambo, lakini unyevu anaujua kuliko mtu yeyote wa wilaya hii. Ndio unaomharibia mbao. Akabonyeza la pili, la tatu. Akanusa.

"Ubao ungekaa humu ungejikunja kama kamba," akasema.

Tulipotoka nje akasema, "Chukua ile ndogo. Ila nyumbani usiseme kwamba ni wewe uliyesema."

"Nimesema mimi? Si umesema wewe."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Kesho atakapokuja kukuaga, akijua unakwenda kusomea mambo haya, hakika atakwambia kwamba ile mashine aliichagua yeye. Usimbishie. Ni kweli aliichagua.

Mengine tuliyachagua kwa kusaidiana. Seif ndiye aliyeuliza swali bora kuliko yote, "Siku ikifa, nani atakuja Kibiti?" Kwa swali hilo tukaacha moja iliyokuwa na mambo mengi ya kompyuta, tukachukua ya kawaida ambayo fundi mzuri wa majokofu anaweza kuifungua akaielewa. Nuru akatutafutia ambayo mapezi yake ya nje, yale mabati membamba ya kutolea joto, yamepakwa rangi ya kuzuia chumvi, kwa sababu upepo wa delta unakula chuma. Akatuambia tuikalishe juu ya boriti kubwa ya zege, si katikati ya paa. Mimi nikadai ijengwe ngazi ya kupandia, pana, ya matofali, yenye kishikio. Seif akaona ni ufujaji. Nikamwambia machujio ya hewa yanatakiwa kusafishwa kila mara, na kazi inayopandiwa ngazi ya kuyumba hufanywa mwezi wa kwanza tu.

Kuipandisha ilikuwa sherehe. Winchi ya kukodi ilitushinda, basi Seif akawaleta vijana wake wa mbao. Wakajenga mteremko wa magogo tangu chini hadi paani, wakalivuta sanduku kwa kamba kama wanavyopandisha magogo kwenye lori. Kibiti nzima ilikuja. Wewe ulikuwa mabegani mwangu, sijui kama unakumbuka. Mzee mmoja wa msikitini akaniuliza, "Bakari, hiyo mnayoipandisha nyumba ya nani?"

"Ya upepo, mzee."

"Upepo nao unajengewa nyumba siku hizi! Kweli ruksa."

Ilipowashwa, Bi Ndosi alisimama katikati ya ukumbi amefumba macho. Akasaini. Mashine ilikwenda kutwa kwa sauti ya chini, na nyuma ya jengo maji yakawa yanachuruzika kutoka kwenye bomba lake. Seif alikuwa akipita kila siku kuyatazama yale maji. "Yote haya yangekuwa kwenye dawa," anawaambia watu.

Hiyo ilikuwa wakati wa kaskazi. Halafu upepo ukageuka.

Mashine za namna ile zina mdomo wa pembeni unaovuta hewa mpya kidogo kutoka nje, ili watu wa ndani wasipumue hewa moja kutwa. Mdomo wa yetu tuliuelekeza kusini, kwa sababu upande huo ulikuwa karibu na ngazi. Kaskazi ikivuma, moshi wa Bi Tatu ulikuwa ukienda zake mashambani. Ilipoanza kusi, moshi ukapanda ukuta, ukafika paani, ukaingia mdomoni, ukapozwa vizuri, ukagawiwa ukumbi mzima.

Bi Ndosi akaniita. "Baba Somoe, ingia unuse."

Nikaingia. "Vibua," nikasema.

"Jana walikuwa changu."

Siku ya kwanza tulicheka. Lakini haikupita muda mwenye duka mmoja wa Ikwiriri akarudisha katoni ya dawa za watoto, akina mama wamezikataa kwa harufu. Bi Ndosi hakucheka tena. Hakunipigia kelele, unamjua alivyo. Alisema, "Ukumbi ni mzuri na mashine ni nzuri. Lakini ama moshi uondoke, ama mimi. Mwisho wa mwezi nataka jibu." Kuuziba mdomo alikataa, kwani wasaidizi wake walikuwa humo kutwa madirisha yamefungwa.

Seif hakuona tabu. "Bi Tatu tumpe nafasi sokoni, tumjengee na banda zuri kuliko alilonalo. Atafurahi." Na mimi nilikubali. Lilikuwa jambo la akili, wala halikuwa na ukatili ndani yake. Nikabeba ujumbe mwenyewe.

Nilimkuta anageuza samaki. "Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba, mwanangu." Akanitazama mara moja, akarudi kwenye karai lake. "Umekuja kunihamisha."

"Nani kakwambia?"

"Hujapata kufika hapa saa ya kukaanga ukakaa usiombe kipande."

Nikaanza kueleza habari ya banda. Akaniacha nimalize, kisha akasema kwa sauti ileile ya kila siku, "Sokoni wakaangaji wapo. Wateja wangu mie ni madereva na utingo, husimama hapa kwa sababu wanajua kichwa changu tangu mbali. Kule nitakuwa bibi wa nne kwenye mstari. Lakini kiwanja chenu, na baba yenu ametangulia. Nipe mpaka Ijumaa nimalize haya mafuta."

Akanifungia samaki kwenye gazeti. Nilipotoa pesa akanisukuma mkono.

Yule samaki nilikuja naye nyumbani nikamweka mezani. Mama yako akauliza vipi. Nikamwambia Bi Tatu anahama Ijumaa, moshi wake unaharibu dawa. Akaendelea kukupakulia. Halafu akauliza, "Mashine imekuja lini?"

"Unajua ilikuja lini."

"Na Bi Tatu?"

"Kabla sijakuoa."

"Basi kilichokuja mwisho ndicho kigeuke."

Nikamweleza kwamba mashine si kiti. Nilikuwa nimeshamuuliza Nuru kwa simu ya posta. Ukiigeuza nyuma mbele, njia ya kushusha baridi na njia ya kurudisha hewa zinabadilishana, na mabomba yote ya darini inabidi yafumuliwe yapishwe upya. Gharama yake ilikuwa inalingana na kitu kimoja tu nilichokuwa nacho, bati za nyumba hii. Zilikuwa zimeshaagizwa, bado kulipiwa. Mama yako aliyatazama makuti juu ya kichwa chake.

"Haya yamevuja tangu siku uliyonioa," akasema. "Yavuje tena."

Wewe ulikuwa hapo, unachambua miiba.

Seif alikasirika. "Mashine ya watu wawili unaigeuza kwa huruma ya mtu mmoja!" Nikamwambia gharama nabeba mimi. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Akaacha kupita kutazama maji yake. Lakini siku ya kazi, kabla hata Nuru hajapanda juu, nikaliona lori la mbao linaingia, vijana walewale wameshika kamba, na yeye mbele. Hakunisalimia. Akawaambia vijana, "Polepole, msiikwaruze."

Bi Ndosi alisogeza dawa zote upande mmoja, akazifunika, akashinda na sisi kwenye vumbi la dari. Mafundi bati wetu wa hapa ndio waliokata na kukunja mabomba mapya, Nuru akiwachorea sakafuni kwa chaki. Wakati wa kupumzika alikaa karibu nami kwenye ngazi, akasema jambo ambalo nataka ulisikie kutoka kwake, kwa kuwa wewe ndiye utakayekalia kiti chake. Alisema, "Niliwauliza jua linapiga wapi. Niliwauliza mlango. Sikuwauliza jirani anapika nini. Chuoni hawakutufundisha, lakini siwezi kukisingizia chuo. Ningekuja Kibiti siku moja kabla ya kuwauzia, ningemwona."

Hakulia wala kuomba radhi sana. Alirudi kwenye chaki yake. Nimemheshimu mpaka leo.

Na Bi Tatu? Ile Ijumaa nilikwenda nikamwambia tu akae, tumepata njia nyingine. Hakuuliza ipi. Siku mashine ilipokuwa ikigeuzwa alitufokea kutoka chini, "Nyie mnafanya nini huko juu? Mnanitia vumbi kwenye mafuta!" Seif akacheka kwa mara ya kwanza tangu tugombane, akapaza sauti, "Tusamehe, mama, tunamaliza." Mchana Seif akaagiza karai zima la samaki kwa ajili ya vijana, na akalipa yeye. Bi Tatu hakutushukuru mpaka anafariki. Sidhani kama alijua, na sikuona sababu ya kumwambia. Lakini Bi Ndosi alijua, na unakumbuka mwenyewe kwamba chakula chake cha mchana miaka yote ile kilitoka kwenye lile karai.

Wewe ulilipa pia, mwanangu, na hukuulizwa. Masika yaliyofuata ulikuwa unalala na beseni miguuni. Uliniuliza kwa nini kwa akina fulani kuna bati na kwetu makuti, nami nikakwambia bati linapiga kelele mvua ikinyesha. Ukaniamini, ukawa unawaambia wenzio shuleni kwamba sisi tunapenda kulala kimya. Mama yako alikuwa akinitazama kila unaposema hivyo.

Na ni masika hayohayo maji yalipokata barabara. Hakuna gari lililotoka mjini, hakuna lililokwenda. Homa na kuharisha vikaingia vijiji vya bondeni. Watu wa zahanati za delta walikuja kwa mitumbwi na kwa miguu mpaka kwenye ukumbi wetu, maana hapakuwa na kwingine. Unyevu wa siku zile uliotesha ukungu hata kwenye viatu vyangu vya msikitini. Dizeli ilikuwa ya kubembeleza. Seif akafunga mashine yake ya kupasulia mbao, mafuta yote akayaleta kwenye jenereta letu, na hakuna aliyemwomba. Nilikuwa nimesimama na Seif wakati Bi Ndosi alipopasua katoni ya kwanza. Seif akaibonyeza kwa kidole gumba. Haikuzama. Akanitazama, akatikisa kichwa polepole. Bi Ndosi akaanza kuhesabia watu dawa, na watoto waliopona kwa dawa zile sasa hivi ndio hao uliosoma nao.

Sikuelezi haya ili uone baba yako alifanya vyema. Ningekuwa peke yangu, Bi Tatu angehama Ijumaa ile, na mimi ningelala usingizi mzuri chini ya bati. Nilikuwa na bahati ya kuwa na mke anayeuliza maswali mafupi, na kaka ambaye hasira yake haimzuii kuja kazini. Huko uendako tafuta watu wa namna hiyo mapema. Wenye kukusifu utawapata bila kuwatafuta.

Sasa lipo moja ambalo hujui. Wiki iliyopita Bi Ndosi alinipandisha juu. Mashine imeanza kukohoa. Chumvi imeyala mapezi licha ya rangi yake, na kompresa inawaka kwa kugoma. Fundi amesema ikibembelezwa itatusogeza miaka michache. Bi Ndosi akaniambia nianze kutafuta nyingine, na safari hii dukani kuna aina nyingi kuliko zamani, mtu anaweza kupotea.

Nikamwambia, "Mtu wa kuchagua ninaye. Ila kwanza anakwenda Mbeya."

"Atarudi?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui. Na ni kweli, Somoe, sijui, na sitaki uahidi. Waweza kupenda kule, kwenye baridi isiyohitaji dizeli. Waweza kupata kazi mahali ambapo hata jina lake sijalisikia. Kama utakuja kwa ajili ya mashine tu kisha urudi ulikotoka, itatosha, na mama yako nitazungumza naye mimi.

Ukifika, tutapanda juu. Utazunguka paa, utatazama, utauliza unayotaka kuuliza, na kama ni kwenda nyumba moja moja kuuliza, tutakwenda. Seif atasema ya kwake, muache aseme. Mimi sitasema kitu. Nitakuwa nyuma yako nimekubebea spana.

Baba yako,
Bakari